Utani Uliomchelewesha Shemeji

Ipo siku moja ya kulima kule Misima, Handeni, ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na kwa umri huu niliofika nimeshakata tamaa kwamba itatoka. Wapo wazee wanaokumbuka siku za ujana wao wakatabasamu. Mimi nikiikumbuka hii huwa naacha ninachokifanya, hata kama ni kupepeta mahindi, nakaa chini kwanza. Kaa na wewe nikusimulie, maana nimesikia mnavyochekana huko kwenye simu zenu, na kicheko cha namna hiyo nakijua vizuri kuliko nyinyi.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nina watoto watatu, nina nguvu za kulima tangu asubuhi mpaka saa saba, na nina mdomo. Mdomo ndio uliokuwa sifa yangu. Kwetu mtu akiwa na shamba kubwa huomba jirani na ndugu waje kumlimia siku moja, yeye anapika, na siku nyingine naye anakwenda kumlimia mwenzake. Watu hupanga mstari na majembe yao, wakaanza pamoja mwanzo wa shamba na kumaliza pamoja. Mstari kama huo ukiwa kimya unachoka mapema. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuuchangamsha, anayemtania huyu kwa uvivu wake, yule kwa kitambi chake, na yule mwingine kwa mke aliyemkimbia, watu wacheke na kazi iende bila wao kujua. Misima nzima mtu huyo alikuwa mimi. Mwenye shamba alikuwa anakuja kuniomba mimi kabla hata hajatafuta mboga.

Na mtu niliyekuwa na ruhusa naye kuliko wote alikuwa shemeji yangu Rajabu, mdogo wa mume wangu Athumani, ambaye sasa ni marehemu. Unajua utani wa shemeji ulivyo. Mimi nilikuwa namwita mume wangu mdogo, yeye ananiita kikongwe na wakati huo sina hata mvi moja. Nikimnyang'anya kofia yake, yeye anaficha kandambili zangu, natembea peku kutwa nzima. Hakuna aliyekasirika, maana kukasirika kwenyewe ndiyo ilikuwa aibu. Hilo lishike mwanangu, kwa sababu ndilo lililotuponza. Anayetaniwa hakuwa na ruhusa ya kununa.

Mwaka ule Rajabu alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam, alikokuwa kibarua wa kubeba saruji kwenye majengo. Alikuwa amemchumbia binti wa pale pale Misima, Zaina, na harusi ilisubiri mavuno tu. Basi siku hiyo tulikuwa tunamlimia mjomba wake Zaina. Kaka wawili wa Zaina walikuwa kwenye mstari, na Rajabu alikuwepo. Jua lilipopanda, wanaume wote wakavua mashati. Rajabu hakuvua. Tena alikuwa analima kwa shida, mkono wa kulia ameuweka mbali na mwili, na kila baada ya majembe mawili matatu anasimama, anavuta shati lisimguse ubavuni.

Mimi nikaona kazi yangu ya siku hiyo imepatikana.

"Shemeji!" nikapaza sauti. "Ndiyo kilimo cha Dar hicho? Vua shati tuone walivyokunenepesha!"

Akaacha jembe, akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, leo niache. Leo nakuomba."

Mtu mwenye akili zake angelisikia neno hilo. Rajabu hakuwahi kuniomba nimwache, hata siku niliyomwagia maji mbele ya wageni. Lakini mimi nilichosikia ni kwamba shemeji anakwepa. Nikamzunguka nyuma, nikakamata shati kwa chini, nikalipandisha mpaka mabegani.

Alitoa ukelele ambao sijausikia tena kwa mwanaume mzima. Upande wote wa kulia, kuanzia kwenye uti wa mgongo, kupita chini ya kwapa mpaka chini ya titi, ngozi ilikuwa imevimba na kuiva, na juu yake malengelenge madogo madogo yamesongamana, yana maji. Watu wote waliona, na wote tulijua jina lake. Mkanda wa jeshi. Na wakati ule wote tuliamini jambo moja kuhusu mkanda wa jeshi, kwamba aliyenao ameukwaa Ukimwi, basi, hakuna haja ya kuuliza zaidi.

Hapo ningeweza kulishusha shati. Ningeweza kusema pole. Lakini mstari mzima ulikuwa umesimama, umeegemea majembe, unanisubiri mimi niseme kitu, na mtu aliyezoea kuchekesha watu hawezi kuvumilia kimya. Nikasema, "Kumbe shemeji hakurudi mikono mitupu! Mwambieni Zaina zawadi yake ya Dar hii hapa, imeshafungwa mbavuni!"

Wakacheka sana. Kaka zake Zaina walicheka kidogo, halafu wakaacha, wakatazamana. Rajabu naye alicheka. Hiki ndicho kinachoniuma mpaka leo. Alicheka na wenzake, akalishusha shati lake polepole sana, akainama, akaendelea kulima mpaka mwisho wa mstari. Alipokuja kula hakukaa na sisi.

Jioni, tukiwa tunamenya muhogo, Athumani akaniambia kwamba Rajabu alimwomba baiskeli tangu jana. Alianza kusikia ubavu unawaka siku kadhaa nyuma, akadhani ni mifuko ya saruji. Malengelenge yalipotoka akasema hili si la saruji, kesho kutwa asubuhi, tukishalima, nakwenda zahanati. Alikuja kulima siku ile kwa sababu alishaahidi, na kwa sababu kaka za mchumba wake walikuwepo. Kwa hiyo siku niliyompandisha shati ilikuwa siku ya pili ya malengelenge. Nilipoambiwa hivyo sikuona uzito wake. Nilisema, "Sawa, si atakwenda kesho."

Asubuhi baiskeli ilikuwa pale pale ukutani. Rajabu alikuwa ameshaondoka na gari la alfajiri, na hakumwambia mtu anakwenda wapi.

Alikuwa amekimbilia Mashewa, kwa shangazi yao, mama mmoja mkimya aliyekuwa akiishi peke yake na mbuzi wake. Alimwambia amekuja kumsaidia kuvuna muhogo. Shati hakulivua mbele yake. Zahanati ya kule hakwenda, maana alijiuliza, kama watu wa nyumbani walioniona nikikua wamecheka, hawa wageni watafanyaje? Kwa hiyo akajitibu. Kuna mtu alimwambia kwamba ncha mbili za mkanda zikizunguka mwili zikakutana, mtu anakufa. Maneno hayo mpaka leo yanasemwa. Rajabu, mtu mzima aliyesoma mpaka darasa la saba, akachanganya masizi ya sufuria na mafuta ya taa, akawa anajichora mstari kifuani na mgongoni kila asubuhi ili kuuzuia mkanda usipite. Mafuta ya taa, mwanangu, juu ya malengelenge yaliyopasuka. Shangazi alikuwa akimsikia chumbani anapumua kwa meno, akimuuliza anaambiwa ni mbavu tu, zimechoka.

Siku zikapita hivyo mpaka shangazi mwenyewe akachoka kudanganywa. Akafungua mlango bila kubisha, akaona. Akamtuma mnunuzi mmoja wa mahindi aliyekuwa anakuja Handeni atuletee habari, kwamba njooni mumchukue mtoto wenu. Athumani akajiandaa. Nikasema nami nakwenda. Tukaondoka pamoja.

Tulimkuta amekaa kwenye kigoda katikati ya chumba, hana shati, ameshika kitenge kwa mikono miwili mbele yake ili kisimguse. Vidonda vilikuwa vimechimba, vingine vina usaha, na masizi yameingia ndani. Nilipofungua mlango upepo ukaingia, na upepo ule mwanangu, upepo mtupu, ulimfanya akunje uso na kufumba macho. Nikaufunga mlango haraka. Ndipo nilipoanza kuogopa.

Hospitalini Korogwe tulipokelewa na nesi mmoja mtu mzima, Mama Anjela, Msambaa wa milimani aliyekuwa amehamia Kwamndolwa siku nyingi. Aliinama akatazama vidonda bila kuvigusa, akauliza, "Malengelenge yametoka lini? Leo siku ya ngapi?"

"Ya kumi na tatu, mama," Rajabu akajibu.

Mama Anjela akaweka kalamu chini. "Kumi na tatu. Ulikuwa wapi, mwanangu?"

Nikajua sasa nitatajwa. Nikainamisha kichwa nisubiri. Rajabu akasema, "Nilikuwa na kazi, mama. Nilikuwa navuna."

Hakunitaja. Na mimi nikanyamaza, nikaliacha neno lake la uongo lisimame pale mbele ya nesi na mbele ya kaka yake. Mara ya kwanza nilimkosea kwa kusema, mara ya pili nikamkosea kwa kunyamaza, na sijui hadi leo lipi lilikuwa baya zaidi.

Daktari alimpima, vidonda vikasafishwa, akapewa dawa za vidonda na za maumivu. Walimpima na damu pia, baada ya kumwelewesha. Watu wameniuliza miaka yote hii majibu yalikuwaje. Hata wewe naona unataka kuuliza. Majibu yale yalikuwa yake, aliambiwa yeye, na mimi nilishajifunza kwa gharama ya mtu mwingine kuacha kupandisha mashati ya watu.

Tulikaa Kwamndolwa kwa ndugu wa Athumani ili Rajabu awe karibu na hospitali. Nyumba ya Mama Anjela ilikuwa ya tatu kutoka pale. Siku ya nne sikuweza tena. Nikamfuata kwake, nikamkuta barazani anachagua maharage. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikamweleza yote, shamba, shati, maneno niliyosema, baiskeli iliyobaki ukutani.

Hakuacha kuchagua maharage. Aliuliza tu, "Ulipoona ule mkanda, ulijua ni ugonjwa gani?"

"Nilijua wanavyosema watu, mama."

"Basi hukujua." Akatoa kijiwe, akakitupa. "Ngoja nikwambie, ili siku nyingine ujue. Wewe uliugua tetekuwanga utotoni?"

"Ndiyo."

"Basi hata wewe unao huo mkanda, umelala. Tetekuwanga ikipona, virusi vyake haviondoki. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu huko ndani, miaka na miaka. Mwili ukichoka, kwa uzee, kwa maradhi, kwa mawazo, na kwa Ukimwi pia, sikatai, vinaamka. Vinafuata mshipa mmoja mpaka kwenye ngozi. Ndiyo maana unakaa upande mmoja. Hizo habari za ncha kukutana ni za vijiweni. Wapo wanaougua na damu yao haina kitu chochote. Na mwenye Ukimwi naye, huyo si ndiye wa kuwahi hospitali zaidi?"

Akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ipo dawa ya kuvipunguza nguvu hivyo virusi. Lakini inataka iwahi, ndani ya siku tatu tangu malengelenge yatoke. Hapo inaukinga ule mshipa usichomwe sana. Na maumivu nayo yanataka kushikwa mapema, usiyaache yakajizoesha. Shemeji yako alikuwa siku ya pili. Siku ya pili, mama! Angekuja na ile baiskeli. Nisingekuahidi kwamba asingebaki na maumivu, maana wapo wanaowahi na bado yanabaki, lakini angekuwa na bahati kubwa kuliko aliyonayo leo. Wewe ndiye uliyemnyang'anya."

Mwanangu, nimewahi kupigwa na mama yangu, nimewahi kufokewa na mkwe. Hakuna kilichoniingia kama maneno ya mama yule aliyekuwa anachagua maharage. Nililia palepale barazani kwake. Hakunibembeleza. Aliniletea maji ya kunawa, akasema, "Nenda kamwambie yeye, usiniambie mimi."

Sikwenda. Nilijiambia nitamwambia akipona.

Vidonda vilipona baada ya mwezi na kitu. Maumivu hayakupona. Ngozi imefunga, imebaki na makovu, ukimtazama unasema huyu mzima. Lakini ule mshipa ndani ulikuwa umeharibika, na ulikuwa unamtumia mwili habari za uongo usiku na mchana. Shati likimgusa, anasikia moto. Akikaa kimya tu, anachomwa kama mtu anayepigwa na umeme, mara moja, mbili, halafu unaacha, halafu unarudi. Kubeba saruji ndiyo basi tena. Kulima alilima, kwa shida, na mashati yake yote Zaina aliyashonea kitambaa laini kwa ndani upande wa kulia.

Ndiyo, Zaina aliolewa naye. Kaka zake walitaka kuvunja uchumba juma lile lile, na waliyoyataja yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno. Zaina akasema mwenye kuolewa ni yeye. Harusi ilichelewa karibu miaka miwili, lakini ilifanyika, na mimi ndiye niliyepika pilau. Mtoto wao wa kwanza alipoanza kukimbia, alifundishwa kumkimbilia baba yake upande wa kushoto. Nilimwona siku moja amesahau, akamrukia baba kwa kulia. Rajabu alimdaka, akamweka chini taratibu, akatoka nje. Yule mtoto akabaki anauliza, "Nimefanya nini?" Nilitamani ardhi inimeze.

Hospitali walimpa pia kidonge kidogo cha kumeza kila jioni, cha kutuliza mishipa. Mama Anjela alimwonya kwamba hakifanyi kazi siku moja wala mbili, kinataka majuma. Lakini ndugu walipojua kwamba kidonge hicho hupewa pia wagonjwa wenye huzuni kubwa, wakaanza: ee, Rajabu siku hizi anameza dawa za vichaa. Akakiacha baada ya siku sita. Umeona, ni mdomo uleule, sema safari hii haukuwa wangu. Ilimchukua miaka kurudi tena hospitali. Aliporudi akavumilia, kikamsaidia kwa kiasi, kama nusu. Hiyo nusu nyingine bado anayo. Miaka imepita ishirini.

Mimi niliacha kutania. Walipokuja kuniita kwenye kulimiana nilikwenda na jembe langu, nikalima kimya, mpaka wakaacha kuniomba. Rajabu naye hakunitania tena. Aliniamkia vizuri, aliuliza hali za watoto, akapita. Ningependa anitukane. Heshima ile ilinichosha kuliko tusi.

Sasa sikiliza. Mwaka juzi, wakati wa palizi, nilianza kusikia moto chini ya titi la kushoto. Nikasema ni vidonda vya tumbo, nikanywa uji. Siku ya tatu asubuhi, naoga, nikaona vipele. Viko vichache, vimejipanga kuelekea mgongoni. Na mimi, mwanangu, mimi niliyekaa barazani kwa Mama Anjela nikafundishwa kila kitu, unajua wazo la kwanza nililolipata? Nitafute kanga nzito, nijifunike, mtu asione. Mjane wa miaka karibu sitini, watu watasemaje? Nilijifunika kweli. Siku ile ikapita hivyohivyo.

Kesho yake Rajabu alipita kunijulia hali, kama kawaida yake. Nilikuwa nimekaa jikoni, nakoroga bada, ule ugali wetu wa muhogo, kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine nilikuwa nimeivuta kanga isinifike mwilini. Wala sikujua kama nafanya hivyo. Alisimama mlangoni akanitazama.

"Shemeji," akasema, "imetoka lini?"

"Nini?"

"Usinifiche mimi. Mimi."

Nikamwambia jana. Hakuuliza tena. Aliipua sufuria mwenyewe, akaita bodaboda mbili, mimi nikapanda ya mbele na yeye ya nyuma, mpaka Handeni mjini. Upepo wa njiani unajua unavyopiga, na shati lake lilikuwa linapepea muda wote. Kila nilipogeuka nilimwona amelikamata ubavuni kwa mkono, amekunja uso, na ananiashiria nitazame mbele.

Nilipewa dawa za virusi, mara tano kwa siku kwa siku saba, na dawa za maumivu siku hiyohiyo. Nikapimwa na damu, nikakubali. Baada ya wiki tano nilikuwa naoga bila kuogopa maji. Leo hii panawasha kidogo wakati wa baridi, basi. Mkanda uleule, na mwili wangu mzee kuliko ulivyokuwa wake. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa na Rajabu, na Rajabu alikuwa na mimi.

Siku ile, tukiwa kwenye benchi tunasubiri dawa, nilimwambia. Baada ya miaka yote hiyo nilitaja shamba, nikataja shati, nikasema maneno yangu yaleyale ili ajue kwamba sijasahau hata moja. Nikamwomba msamaha.

Akasema, "Mimi nilishakusamehe zamani, shemeji, Zaina ni shahidi. Tatizo huu ubavu. Kila asubuhi nikivaa shati, unaniuliza kwa nini sikwenda siku ile."

Jina langu likaitwa dirishani, akanyanyuka yeye kwenda kunichukulia dawa.

Basi haya ndiyo ninayokuachia. Ukisikia ngozi inawaka upande mmoja wa mwili bila sababu, kisha yakatoka malengelenge yamejipanga, usiite mganga wala usipake mafuta ya taa. Hesabu siku. Nenda hospitali siku hiyo au kesho yake, isifike ya tatu. Yakitokea usoni, karibu na jicho au kwenye pua, hata kesho usingoje, maana jicho linaweza kupotea. Na ukiwa umeshachelewa, nenda hivyohivyo, usiseme imeshapita, yapo ya kukusaidia. Yaweke safi, yafunike kwa kitambaa laini, kaa mbali na wajawazito na watoto wachanga mpaka yakauke. Sema unavyoumia, usijikaze. Wakikupa dawa ya mishipa ya fahamu, meza kama ulivyoelekezwa na uwe na subira, wanaoiita ya vichaa hawalali kwenye kitanda chako. Wakikuomba kupima damu, kubali, majibu yoyote yatakayokuja yatawaonyesha namna ya kukutibu. Nasikia ipo na chanjo, ingawa huku kwetu sijaiona, wenye umri kama wangu waulize.

Na ukimwona mwenzako anauficha ubavu, hata kama ni mtani wako wa damu, hata kama watu mia wanasubiri uwachekeshe, ukiambiwa leo niache, mwache. Kisha mfuate pembeni, umuulize imetoka lini, na baiskeli umpelekee mwenyewe.

Mungu akulinde mwanangu, akupe mwili usiokusumbua na uzee mtulivu. Na siku utakayougua, kwa sababu ipo, akujaalie mtu wa kumwonyesha siku hiyohiyo bila kuona haya. Na mwenzako akiugua, akufanye wewe ndiye mtu huyo.